Siku Niliyochimba Kibanja cha Mkunga Wangu

Shikamooni wazee. Na ninyi wenzangu, na wadogo zangu, hamjambo? Haya, sogeeni wale mlioko mlangoni, mvua hiyo itawalowesha bure. Wiki tatu mfululizo nimekuja hapa nikiwa na neno hili, na wiki tatu nimerudi nalo nyumbani. Leo nimesema basi, litoke, hata kama litatoka na aibu yake.

Mnanijua. Mnaniita Mnyasa, mbele yangu na nyuma yangu. Nyuma yangu mnaongeza na mengine, najua, masikio ninayo. Kinyambo chenu kinywani mwangu kinawachekesha, kwa hiyo nitasema Kiswahili. Asiyeelewa amwulize jirani yake, ila jirani asitie chumvi. Majina ya watu sitataja. Wengine wamekufa, na wengine wamekaa humu humu wananitazama.

Ndugu zangu, mimi nilizaliwa Nyasa, ziwani, mbali sana na hapa. Mume wangu alisoma misheni, akapata kazi ya ukarani kwenye mgodi mmoja wa bati huku Kyerwa, tukasafiri. Tulitembea, tukapanda lori, tukapanda gari moshi, tukapanda meli mpaka Bukoba, na safari nzima nilikuwa na mimba, natapika kila mahali. Nyasa mimba ya kwanza unaizaa kwa mama yako. Mama yako ndiye anayekushika mgongo, mama yako ndiye anayepika, na kondo la nyuma mama yako ndiye anayelizika, peke yake, mahali asipopajua mtu. Mtu mbaya akilipata, tunaamini, anaweza kukufunga kizazi au kumnyausha mtoto. Basi mimi nikajikuta kwenye kambi ya mgodi, kilimani, katikati ya watu ambao hata salamu yao sikuijua. Hivi vita vya Hitla vilikuwa bado havijaanza.

Mgeni kuku mweupe. Nilipokwenda kisimani, wanawake walinyamaza. Nilipopita, wakaanza tena. Wangekuwa wanasema habari za mahindi, mimi nilisikia habari zangu. Wakicheka, wananicheka mimi. Wasipocheka, wananichukia. Hivyo ndivyo nilivyoishi miezi minne, na tumbo linakua.

Nilikuwa na rafiki mmoja tu. Alikuwa mke wa msimamizi mmoja pale kambini, mgeni kama mimi, Mkristo, msomaji wa Biblia kuliko mimi. Yeye alikuwa amekaa miaka miwili, basi ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Na masomo yake yote yalikuwa moja: usile kwao. Alikuwa ananiambia, "Watu hawa wana sumu za kila namna. Za tumbo, za kifua, za kukausha mtu. Kula chakula chako ulichopika mwenyewe." Nami nikasema asante dada, umenifungua macho.

Uchungu ukanishika mapema, saa sita mchana, mume wangu akiwa amekwenda Bukoba na lori la mgodi. Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa machela. Dresa wa kambi, yule mfunga vidonda, alikuwa mwanaume kijana, aliposikia ninavyolia akakimbia, na aliyekuja kwa kukimbia ni bibi mmoja ambaye kibanja chake, shamba lake la migomba, kilipakana na kambi, chini kidogo ya nyumba yetu. Alikuwa akituuzia ndizi. Mjane, mfupi, mweusi, mikono yake migumu. Hakubatizwa yule bibi. Kiswahili alijua maneno kama kumi, na matano yalikuwa ya bei ya ndizi.

Alinizalisha. Nawaambia ukweli, mtoto alitanguliza miguu. Bila yule bibi, leo msingekuwa na Mnyasa wa kumsema. Alihangaika nami mpaka jua linakaribia kuzama, jasho linamtiririka, anaimba kwa sauti ya chini. Mtoto wa kike akatoka, akalia. Nami nikalia. Kisha nikafungua macho, nikamwona yule bibi anafunga kondo langu kwenye jani la mgomba, vizuri, kama mtu anayefunga zawadi. Akalipakata. Akatoka nalo.

Nikamwuliza, "Unalipeleka wapi?" Akanionyesha kidole kibanjani kwake, akacheka, akaenda.

Jamani! Mnacheka? Ninyi mnajua alikwenda kufanya nini. Mimi nilijua nini? Nilimwona mtu nisiyemjua anaondoka na uzazi wangu mkononi, anacheka.

Rafiki yangu alipokuja kunitazama nikamweleza. Akashika kichwa. "Dada, umekwisha. Hilo ndilo kamba. Wamekufunga nalo. Utaona huyo mtoto atakavyonyauka." Na nisimsingizie sana yule rafiki. Miaka mingi nimekuwa nikisema kwamba yeye ndiye aliyenipoteza. Si kweli. Yeye alisema tu, na maneno yake yalikuta mlango wangu uko wazi, yakaingia, nikayawekea kiti.

Kesho yake wakaanza kuniletea vyakula. Ninyi mnajua kumtunza mzazi, hilo sitawanyima. Wakaja na ndizi zilizopondwa na maharage, wakaja na uji, na yule bibi akaja na kibuyu cha maziwa. Na kila aliyekuja, ndugu zangu, kila mmoja, alifanya jambo lile lile. Alikaa mbele yangu, akanitazama usoni, akatia mdomo wake kwanza kwenye chombo changu, akameza, ndipo akanipa.

Hapo mnacheka zaidi. Mmezaliwa nayo, hamuioni. Lakini hebu mfikirie mtu wa Nyasa. Kwetu mzazi hashirikiani chombo na mtu, na hakuna awekaye mdomo kwenye kikombe cha mzazi kabla yake. Mimi niliona watu wanatemea mate uji wangu. Nikasema, kumbe dawa haiko kwenye chakula, iko mdomoni mwao! Nilipokea kwa mikono miwili, nikasema asante, wakitoka tu, namwaga nyuma ya nyumba. Mbwa wa kambi walinenepa mwaka ule.

Nikawa napika mwenyewe, unga kidogo wa muhogo tuliokuja nao, nao ulikuwa umebaki chini ya mfuko. Nakula matonge matatu, manne. Siku ya tano maziwa yangu yakapungua. Siku ya saba yakawa matone. Mtoto ananyonya, anaachia, analia, ananyonya tena, na sauti yake inazidi kuwa ndogo. Na mimi nasema moyoni, si nilijua? Si huyu hapa ananyauka? Lile kondo linafanya kazi yake.

Mume wangu alirudi siku ile ya saba. Nilimweleza yote, akanitazama kama mtu aliyepewa barua ya lugha ngeni. Akasema, "Kula, mwanamke." Akachukua ndizi za yule bibi akala mbele yangu, akalamba vidole. Jioni alikwenda kuwashukuru watoto wa kiume wa yule bibi, wawili, watu wazima wenye wake zao, wakampa buni za kutafuna, akarudi anacheka. Hakufa. Hata kuumwa tumbo hakuumwa. Mngedhani mimi ningefunguka akili. Wapi! Nilisema sumu yao ni ya wanawake. Kisha nikaanza kumshuku yeye mwenyewe: mbona wanaelewana hivi? Wamemwahidi nini?

Ndugu zangu, shuku haishibi. Ukiipa jirani, itaomba mume.

Siku ya tisa mtoto hakulia kabisa. Alikuwa anafungua mdomo tu. Nikasema leo naenda kulichukua kondo langu mwenyewe, nilizike ninapojua mimi, mwanangu afunguliwe. Mume wangu alikuwa ofisini. Yule bibi nilimwona anashuka na mtungi kwenda kuteka maji. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikachukua jembe, nikachukua na karai letu la kufulia, la kulibebea. Nikaingia kibanjani kwa watu asubuhi kweupe.

Sasa hapa wazee wa huku kwetu Mabira na Bugomora tayari wanashika vichwa, nawaona. Vijana hawajui, nitawaeleza. Mwaka uliotangulia watu wa mgodi walikuwa wamepita upande wa pili wa kilima na jembe na karai. Wanachimba shimo dogo, wanatia udongo kwenye karai, wanauosha kuangalia bati. Wanachimba tena hatua chache mbele. Palipoonekana bati, wenyewe waliambiwa wahame. Migomba ya babu zao ikafyekwa. Basi watu wakajua: mtu wa kambi akiingia kibanjani na jembe na karai, kesho huna kwenu.

Mimi nilijua hayo? Sikujua hata kidogo. Niliona mgomba mmoja umezungushiwa nyasi chini, nikachimba pale. Sikupata kitu. Nikachimba upande wa pili. Nikachimba shimo la tatu. Kizunguzungu kinanipanda, udongo mwingine umeingia ndani ya karai.

Nikasikia yowe. Mke wa mtoto mkubwa wa yule bibi ndiye aliyeniona. Mnajua yowe la huku, likipigwa moja linapokelewa kilima kizima. Kufumba na kufumbua nimezungukwa. Mtoto mkubwa akanishika mkono, mkuki anao. Alikuwa amewahi kuchukua mizigo ya mgodi, Kiswahili anakijua. Akasema, "Mke wa karani anapima bati! Mumeo anatafuna buni na sisi jioni, asubuhi anakutuma upime!"

"Sipimi! Nataka kondo la mwanangu!"

"Kondo?" Akaniachia kidogo, akamgeukia mdogo wake, lakini kwa Kiswahili, nami nisikie. "Unasikia? Si nilimwambia mama? Nilimwambia, usizike kondo la mgeni hapa. Kondo likizikwa kibanjani mtoto ni wa kibanja. Kesho watakuja na mtoto wao na barua ya mzungu, watasema hapa ni kwao. Na huyu hata hakungoja kesho!"

Siku tisa nimekuwa nikiwaogopa wao, na siku tisa wao walikuwa wakiniogopa mimi. Wamegombana na mama yao kwa ajili yangu. Walidhani mwanangu ni chambo cha kuwanasa. Na mama yao, hili nilikuja kulijua baadaye, alikuwa amewakatalia, akalizika vile vile, kwa sababu hakutaka mtoto aliyemtoa kwa mikono yake awe mtu asiye na kwao.

Yule bibi akafika, mtungi kichwani. Akautua. Akaangalia mashimo, akaangalia karai. Alipita nyuma yangu akafungua mbeleko. Akamlaza mtoto kwenye mikono yake, akampapasa utosi. Utosi ulikuwa umebonyea, kidole kinazama. Akaniuliza kitu kwa ukali, mwanawe akatafsiri shingo upande: "Anauliza, mtoto huyu ana njaa tangu lini?"



Bibi akamgeukia mkwewe, yule yule aliyepiga yowe, aliyekuwa na mtoto wa miezi mitatu. Akampa mwanangu. Mkwewe akamtazama mumewe, mkuki bado uko mkononi. Akasita. Kisha akakaa juu ya lundo la udongo nililolichimba mimi, akatoa ziwa. Na mimi, Mungu anisamehe, mimi nikapiga kelele: "Usimpe!"

Bibi akanizaba kofi. Hapa, shavu hili. Nikakaa chini.

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa. Akachuchumaa mbele yangu, akanywa funda moja, akanipa. Nikageuza uso. Akanywa tena, mafunda mawili, akanisukumia. Nikatikisa kichwa. Ndipo yule mwanawe akakasirika hasa, si kama mwanzo, akasema, "Mke wa karani, wewe ni mtu wa namna gani? Huoni anaonja? Ameonja kwanza ili kama mna sumu afe yeye, wewe ubaki na mtoto wako. Kwani kwenu mgeni anapewa kitu ambacho mwenyewe hajaonja?"

Ndugu zangu wapendwa, sijui niwaambieje. Watu wale walikuwa wamekuja nyumbani kwangu siku tisa, mmoja baada ya mwingine, kunionyesha kwamba wako tayari kutangulia kufa. Na mimi chakula chao nikawamwagia mbwa.

Nilishika kibuyu. Maziwa yalikuwa yananukia moshi. Nilikunywa huku nalia, nikapaliwa, nikanywa tena mpaka chini. Na pale mbele yangu nilimwona mwanangu ananyonya ziwa la mwanamke aliyetaka nipigwe mkuki muda mfupi uliopita, ananyonya kwa nguvu, mguu wake mmoja unapiga piga. Nikaelewa kitu ambacho hakuna mchungaji aliyewahi kunifundisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliyekuwa nikimwua mwanangu ni mimi.

Yule bibi hakunirudisha kambini. Alinilaza kwake wiki mbili. Alinilisha ndizi, maharage, samli, maziwa, na kila chombo alionja. Siku ya tatu au ya nne maziwa yangu yalirudi, yakalowesha nguo, nikacheka kama kichaa. Wale watoto wake walifukia mashimo yangu wenyewe. Yule mkubwa hakunisemesha karibu mwezi mzima, na ilikuwa haki yake. Mimi nami, nisiwadanganye, siku za kwanza nilikuwa namtazama bibi kooni, nione kama kweli amemeza. Shuku haitoki siku moja. Nimemwamini Yesu, nimetubu, na bado mtu akiniita pembeni najiuliza anataka nini. Napambana nayo kila siku. Leo nimewapa siri yangu, mniombee.

Baadaye, mtoto akiwa anakimbia, mgodi ulipunguza watu na mume wangu akapewa barua ya kuondoka. Tulifunga mizigo. Asubuhi ile wakaja wale ndugu wawili, wamevaa vizuri, wakakaa. Yule mkubwa akasema, "Karani, wewe na mkeo mnaweza kwenda. Mtoto wetu mnampeleka wapi?" Mume wangu akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Walikuwa wamekubaliana na mama yao kutukatia kipande cha kibanja, pale pale chini ya kambi. Watu walioogopa kwamba mtoto wangu atawanyang'anya ardhi, walimgawia kwa mikono yao. Tukafungua mizigo. Ndiyo sababu mnanichoka hapa mpaka leo.

Namshukuru yule bibi. Alikufa bila ubatizo, na nimewasikia wengine wenu mkijadili amekwenda wapi. Mimi si karani wa Mungu, daftari lake silishiki. Namshukuru mama aliyemnyonyesha mwanangu, yumo humu, anaangalia chini. Inua uso, dada, hukufanya jambo la aibu. Namshukuru yule kaka wa mkuki, aliyembeba mume wangu kwenda kaburini kwa bega lake. Na yule rafiki yangu wa kambini, popote alipo, namwomba msamaha. Nilimtwisha kosa langu miaka yote hii.

Sasa funzo, maana naona mzee wa kanisa anatazama saa. Funzo si refu. Jumanne iliyopita mwanamke mmoja amevuka mto Kagera kutoka ng'ambo, peke yake, akajifungua kwenye lile banda la kahawa kule bondeni. Wote tunajua. Nimewasikia hapo nje kabla ya ibada mkiulizana amemkimbia nani, mumewe yuko wapi, mbona amekuja wakati wa mavuno, na vikapu vyenu mmeviingiza ndani asije akaviiba. Na msidhani nawashitaki ninyi tu. Mimi nilipita karibu na banda lile Alhamisi, nikasikia mtoto, nikajiuliza yule mama amekuja kutafuta nini. Nikaendelea na safari yangu. Mimi! Mimi niliyepitia haya yote!

Sijui amekuja kutafuta nini. Mtoto nilimsikia kwa masikio yangu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Basi, mwenye maziwa apitie nyumbani ayachukue, mwenye ndizi mbivu azilete. Mimi natoka sasa hivi, na mvua hii hii. Nyimbo tutaimba tukirudi.